Kununua kipakatalishi cha mtumba kwa safari na kazi ya picha: anza na kisichobadilika

Bonasi ya chai inapoingia kwa wakulima wa viwanda kama Kapkatet, Litein, Mogogosiek na Kapkoros, aghalabu kufikia Oktoba, sehemu ya fedha huenda kwenye karo, sehemu kwenye deni la duka, na katika boma lenye kijana anayepiga picha, sehemu huombwa kwa ajili ya kipakatalishi, au laptopu kama wengi wanavyoiita. Ombi hilo lina maana. Siku hizi koito, harusi, mahafali ya vyuo na ibada za shukrani hazikosi mpiga picha, na mteja hataki kusubiri wiki mbili. Anayeweza kuchagua na kusafisha picha akiwa njiani kutoka Narok au Nakuru hulipwa mapema kuliko yule anayengoja zamu kwenye saiba.

Kwa kuwa mashine mpya ni ghali, wengi hununua za mtumba, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK. Nyingi zilitumika katika ofisi za Ulaya na Marekani, ambazo hubadilisha vifaa kila baada ya miaka michache. Hakuna ubaya hapo. Kipakatalishi cha ofisi, kama vile ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell au EliteBook ya HP, kilijengwa kiwe imara kuliko mashine nyingi mpya za bei ya chini, na fundi hukifungua kwa bisibisi ya kawaida. Shida ni kwamba mashine mbili zinazofanana kwa sura zaweza kupishana umri kwa miaka mitatu au zaidi. Mnunuzi asiyejua kuzitofautisha huweza kupoteza fedha za msimu mzima kwa mashine ambayo hakuna fundi atakayeiokoa.

Kuna sehemu za kipakatalishi ambazo fundi wa Kericho au Bomet atazibadilisha kwa saa moja: diski, betri, chaja, kibodi, na mara nyingi RAM. Kuna nyingine ambazo hazibadilishiki, au gharama ya kuzibadilisha haina maana: prosesa, skrini, RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na kufuli za mwenye mali wa zamani. Fedha za mnunuzi zinafaa kwenda kwanza kwenye kundi hili la pili.

Prosesa: nambari ndiyo umri

Muuzaji atasema "ni Core i5" kana kwamba amemaliza kila kitu. Hajamaliza. Core i5 zimekuwapo tangu 2009. Umri umo katika nambari inayofuata, ambayo huonekana kwenye ukurasa wa taarifa za mfumo ndani ya mipangilio ya Windows. i5-6300U ni ya kizazi cha 6, i5-7200U ni ya kizazi cha 7, na i5-8250U ni ya kizazi cha 8. Katika nambari kama hizi, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayosomwa.

Mpaka kati ya kizazi cha 7 na cha 8 ni muhimu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi huanzia kizazi cha 8 cha Intel, isipokuwa prosesa chache sana za kabla yake. Ya pili haisemwi sana dukani: katika mashine nyembamba za ofisi, i5 ya kizazi cha 7 ina viini viwili vya kufanyia kazi, ilhali i5-8250U ina vinne. Anayetoa picha mia tatu za harusi kutoka kwenye programu ataiona tofauti hiyo bila kupima kwa saa.

Wapo wauzaji wanaoweka Windows 11 kwenye mashine za zamani kwa kuruka ukaguzi wa mfumo. Inawaka, inafanya kazi, na mnunuzi anaondoka ameridhika. Lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine za aina hiyo, na kipakatalishi kinachotumika kwa benki ya simu, iTax na barua pepe za wateja hakifai kukaa bila masasisho ya usalama. Kwa hivyo kuona Windows 11 kwenye skrini hakuthibitishi lolote. Isomwe nambari ya prosesa.

Hii haimaanishi kwamba mashine ya kizazi cha 6 ni takataka. Ikiwa bei ni ya chini kweli, inaweza kuwekwa Linux Mint, mfumo wa bure unaoendelea kupata masasisho, na programu za picha kama GIMP, darktable na RawTherapee hufanya kazi humo bila malipo. Asiyetaka kujifunza mfumo mpya aongeze fedha kidogo apate kizazi cha 8.

Skrini na kijani cha chai

Kwa mtu wa picha, skrini ni muhimu kuliko kasi. Mashine nyingi za ofisi ziliuzwa kwa aina mbili chini ya jina moja: yenye skrini hafifu ya pikseli 1366 kwa 768, na yenye skrini bora ya 1920 kwa 1080. Ya kwanza mara nyingi ni ya teknolojia ya TN, ambayo rangi zake hugeuka kadiri kichwa kinavyosogea. Ya pili kwa kawaida ni IPS, ambayo hukaa vilevile ikitazamwa kutoka pembeni.

Jaribio lake halihitaji utaalamu. Mnunuzi aende na picha mbili zake mwenyewe kwenye flashi: moja ya shamba la chai mchana, nyingine ya uso wa mtu mweusi aliyesimama kivulini. Azifungue, kisha ainamishe skrini mbele na nyuma polepole. Skrini ya TN itafanya majani ya juu yang'ae na ya chini yafifie, na uso utapoteza mikunjo yote na kuwa doa jeusi. Atakayesafisha picha kwenye skrini kama hiyo ataongeza mwanga kupita kiasi, na bibi harusi ataziona picha zake zimepauka zikifika kwenye simu.

Hata skrini za IPS za ofisi nyingi hazionyeshi rangi zote ambazo kamera hunasa. Kwa kazi nyepesi zinatosha, mradi picha chache zikaguliwe kwenye simu nzuri kabla ya kumtumia mteja. Pia ifunguliwe picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu, ili yaonekane madoa, mistari na nukta zilizokufa.

Neno moja kuhusu MacBook Air za kabla ya 2018, ambazo vijana wengi huzitamani. Ni nyepesi, karibu kilo 1.35 kwa ile ya inchi 13, na chasisi yake ni nzuri. Lakini skrini yake ni ya TN, RAM yake imechomelewa, na mfumo wa mwisho rasmi unaoingia kwenye zile za 2015 na 2017 ni macOS Monterey wa 2021. Kwa bei ambayo huuzwa, jina ndilo linalolipiwa zaidi.

RAM, diski na hesabu ya kweli

Kwa picha za kawaida GB 8 za RAM zinatosha, na GB 16 ni raha. GB 4 hazitoshi. Iulizwe kama RAM inaweza kuongezwa, na jibu lisitegemee muuzaji peke yake. ThinkPad T480, kwa mfano, ina nafasi mbili za RAM, lakini ndugu yake mdogo X280 imechomelewa, kwa hiyo X280 ya GB 4 itabaki ya GB 4 hadi mwisho wa maisha yake.

Diski iwe SSD. Mbali na kasi, SSD haina sehemu inayozunguka. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika huku kichwa chembamba kikielea juu yake. Atakayeibeba ikiwa inafanya kazi, nyuma ya bodaboda kwenye barabara ya murramu kutoka Silibwet, anacheza na picha za watu.

Ukubwa wa diski hukadiriwa hivi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili ghafi ya takriban MB 25 hadi 30. Harusi ya picha 800 basi ni karibu GB 24. SSD ya GB 256, ikishatolewa nafasi ya mfumo na programu, itabeba harusi saba au nane tu kabla ya kujaa. Diski ya nje kwa ajili ya nakala ya pili iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Kipakatalishi kikiibwa kwenye matatu, mteja hatataka kusikia habari ya mwizi.

Chukua mashine mbili zenye bei za mfano wa hesabu tu. Ya kwanza inauzwa Sh18,000: kizazi cha 6, RAM GB 4, diski ya kuzunguka, skrini ya TN, betri imekufa. Ya pili ni Sh30,000: kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD ya GB 256, skrini ya IPS, betri ya robo tatu ya nguvu. Anayenunua ya kwanza ataongeza, tuseme, RAM kwa Sh2,500, SSD kwa Sh4,000 na betri kwa Sh4,500. Amefika Sh29,000, na bado ana skrini ileile ya TN na prosesa ileile. Ameokoa Sh1,000.

Betri: dai la muuzaji hupimwa kwa amri moja

Kutoka Kericho hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 250, na mvua kubwa ya alasiri inapoangusha nguzo ya stima, nyumba yaweza kukaa gizani usiku kucha. Betri ya msafiri haiwezi kuachwa kwa neno la "inakaa poa".

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport kisha ubonyeze Enter. Mashine itaandika ripoti na kuonyesha ilipoihifadhi. Katika ripoti hiyo itafutwe mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake wa sasa. Ikiwa wa kwanza ni 48,000 mWh na wa pili ni 29,000 mWh, betri imebaki na asilimia 60. Mashine ya aina hii ikifanya kazi nyepesi hutumia takriban wati 10, kwa hiyo 29,000 mWh ni kama saa tatu hivi, na pungufu kidogo ikiwa skrini imeng'arishwa kwa ajili ya picha.

Ripoti yaweza kudanganya kwenye betri za bandia. Chaja ichomolewe dakika ishirini huku video ikicheza. Betri iliyoshuka kutoka 100 hadi 60 kwa muda huo imeshajibu. Na tachipadi iliyoinuka, au kifuniko cha chini kilichofura, ni dalili ya betri iliyovimba. Hiyo ni hatari ya moto, na mashine isiguswe tena hadi betri itolewe na fundi. Betri ya namna hiyo haitupwi kwenye shimo la taka wala kuchomwa na majani. Irudishwe kwa fundi au mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA.

Faida moja ya mashine za kizazi cha 8, kama ThinkPad T480, Latitude 7490 na EliteBook 840 G5, ni kwamba huchajiwa kwa tundu la USB-C. Chaja moja yenye nguvu ya kutosha yaweza kuhudumia kipakatalishi na simu. T480 pia ina betri mbili, moja ndani na nyingine inayochomoka nje, hivyo msafiri anaweza kubeba ya akiba. Ina vilevile tundu la kadi ya kamera, ambalo mashine nyingi nyembamba zimeliondoa.

Nusu saa dukani

Mnunuzi afike mchana, mvua haijaanza, na asiwe na haraka ya gari. Aombe mashine iliyo baridi, isiyowashwa asubuhi hiyo, kwa sababu hitilafu nyingine hujitokeza tu wakati wa kuwaka mara ya kwanza. Afungue na kufunga kifuniko mara kadhaa. Hinji zilizolegea huishia kukata waya wa skrini.

Abonyeze kila herufi ya kibodi. Achomeke flashi kwenye kila tundu la USB, na kadi ya kamera kwenye tundu lake. Aunganishe Wi-Fi na hotspot ya simu yake, si na mtandao wa duka. Ajaribu kamera, spika na maikrofoni, kisha aiache video icheze huku akisikiliza feni. Feni inayopiga kelele kama posho mill huenda imejaa vumbi tu, na kusafisha ni rahisi, lakini mashine inayozimika yenyewe ikipata joto iachwe.

Jambo ambalo wengi husahau ni kufuli. Mashine iwashwe upya na mnunuzi aingie kwenye BIOS, kwa kawaida kwa F1 kwenye ThinkPad, F2 kwenye Dell na F10 kwenye HP. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, isinunuliwe. Kwa MacBook, muuzaji aondoe akaunti yake ya iCloud papo hapo, mashine ifutwe na kuwashwa upya mbele ya mnunuzi. Ikijitangaza kuwa mali ya kampuni au shule fulani wakati wa kuwekwa upya, biashara iishie hapo.

Nambari ya utambulisho iliyo chini ya mashine ilinganishwe na ile iliyo kwenye BIOS. Zikitofautiana, muuzaji aeleze kwa nini.

Karatasi inayomlinda mnunuzi

Sehemu ya 322 ya Kanuni ya Adhabu ya Kenya inafanya kupokea mali ya wizi, mtu akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 14. Bei iliyo nusu ya soko, muuzaji asiye na duka, na mashine isiyo na chaja wala nenosiri ni sababu za kutosha za kumfanya mtu aulize maswali. Polisi wakiifuata mashine, atakayepatikana nayo ni mnunuzi.

Kwa hivyo risiti iandikwe jina la duka, tarehe, aina ya mashine, nambari yake ya utambulisho, bei, na muda wa udhamini kwa siku au miezi. "Ukiona shida rudi tu" si udhamini. Malipo ya M-Pesa yapitie till au paybill ya duka, si nambari ya mtu binafsi, na pesa zisitumwe kwa muuzaji wa mtandaoni kabla mashine haijaonekana na kujaribiwa. Anayenunua kwa mtu binafsi aandikiane naye mapatano mafupi yenye nambari ya kitambulisho, mbele ya shahidi.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humpa mnunuzi kinga fulani kuhusu ubora anaponunua kwa mfanyabiashara, lakini aliyekagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulifaa kuionyesha. Ikiwa kuna mkwaruzo au betri dhaifu na bei imepunguzwa kwa sababu hiyo, iandikwe kwenye risiti, ili ibainike ni kasoro zipi zilizokubaliwa na zipi zilizofichwa.

Mashine ikifika nyumbani, ifutwe yote na kuwekwa mfumo safi, hata kama muuzaji amesema ameshafanya hivyo. Picha au nyaraka za mwenye wa zamani zikikutwa humo zifutwe bila kusambazwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za watu. Programu za picha za wizi zinazogawanywa kwenye flashi ziepukwe, kwani huweza kubeba virusi, na za bure zilizotajwa hapo juu zinatosha kwa kazi nyepesi. Katika siku za udhamini mashine itumike kwa nguvu: picha nyingi, saa nyingi, chaja na bila chaja. Kwenye begi iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki wakati wa mvua, na ikitoka kwenye ukungu wa asubuhi hadi chumba chenye joto ipumzike kidogo kabla ya kuwashwa, ili mvuke ukauke.

Hitilafu ikitokea ndani ya udhamini, mnunuzi arudi dukani na risiti, na malalamiko yaandikwe. Muuzaji akikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi Sh1 milioni, sheria ikitaka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na mlalamishi anaweza kujisimamia bila wakili. Atakachoulizwa kwanza ni risiti yenye nambari ya mashine.